Staringi Hafi? Fantasia na Mashabiki Wake, Kibera hadi Kawangware

UTANGULIZI

Mpenzi msomaji, mwalimu mwenzangu na wewe mtahiniwa, naanza makala haya kwa kukiri kosa. Alasiri moja, nikifundisha uhakiki wa wahusika, nilimwona msichana wa Kidato cha Tatu ameinamisha kichwa kupita kiasi. Nilipofika dawatini pake nilikuta kwamba ndani ya kitabu teule kulikuwa na kitabu kingine. Kilikuwa kimenenepa kwa kusomwa, jalada lilikwisha kung'oka, na mahali pake palikuwa pamegundishwa karatasi ya kalenda kuukuu. Ilikuwa nakala ya Twilight, riwaya ya Mmarekani Stephenie Meyer iliyotoka mwaka wa 2005, ambayo msichana wake mkuu anampenda mvulana ambaye ni mnyonya damu. Nilikitwaa. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba takataka kama ile ndiyo inayowaangusha katika Karatasi ya Tatu.

Jioni alinifuata. Hakuja kuomba msamaha. Alinieleza kwamba kitabu kile si chake. Alikuwa amekikodi kwa mchuuzi wa vitabu kule Kawangware, amemwachia amana ya shilingi 100, na kila siku inayopita anadaiwa shilingi 10. Katika ukurasa wa mwisho palikuwa na orodha ya majina ya wasichana waliokuwa wakisubiri zamu. Niliyahesabu: yalikuwa 14. Nakala za shule za kile kitabu teule nilichokuwa nikifundisha zilikuwa chafu hadi ukurasa wa 40 hivi. Kuanzia hapo zilikuwa safi, kana kwamba zimetoka dukani jana.

Nilikirudisha kitabu na kulipa deni. Swali, hata hivyo, lilibaki nami. Ni kitu gani alichokuwa akikipata msichana huyu katika kisa cha mnyonya damu ambacho mimi, mwenye shahada na mwongozo wa mwalimu, sikuweza kumpa? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Nitashikilia hoja moja tu: kwamba mashabiki wa fantasia katika mitaa kama Kibera na Kawangware tayari wana kanuni ya uhakiki, na kwamba kanuni hiyo, ikiongezewa swali moja, inatosha kumfikisha mwanafunzi kwenye kazi bora kabisa za fantasia ya Kiswahili.

Kwa maana ya makala haya, fantasia ni kazi ya kubuni ambamo mambo yasiyowezekana katika ulimwengu tunaoujua yanatokea, na wahusika wanalazimika kuishi nayo. Maana hii inakusanya hekaya na mighani, filamu za majoka, na riwaya za mapenzi za siku hizi.

KANUNI YA BANDA LA VIDEO

Kwa miaka mingi mabanda ya video yamekuwa sehemu ya maisha ya mitaa ya Nairobi. Ukipita Makina au Laini Saba kule Kibera, au ukishuka kituo cha 46 kule Kawangware, huhitaji kuuliza njia: kipaza sauti cha mlangoni kitakuita. Ndani ni mabati, mabenchi na giza. Nje ni ubao wenye majina ya filamu kwa chaki. Filamu zenyewe ni za Hong Kong, India au Marekani. Wapiganaji wanaruka juu ya mapaa, wachawi wanageuka nyoka, wafu wanarudi kulipiza kisasi.

Lugha ya filamu hizo ni ya kigeni, lakini sauti inayosikika mara nyingi ni ya msimulizi. Nchini Kenya anayejulikana zaidi ni DJ Afro, ambaye husimulia kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, na Kampala ina wasimulizi wake wa Kiganda. Mwalimu wa fasihi simulizi, hebu tazama kinachotendeka hapo. Yupo fanani, ipo hadhira, upo ukumbi. Pana utani, pana chuku, pana kubadilisha kisa kulingana na hadhira. Sifa tunazowakaririsha wanafunzi wetu ubaoni wao wameziishi tangu walipoweza kupenya chini ya mkono wa mlinda mlango.

Ni kutoka humo ilikotoka kanuni ambayo kila kijana anaijua. Mhusika mkuu huitwa staringi, na staringi hafi. Nilipomwomba mwanafunzi mmoja anieleze sababu, alinijibu bila kufikiri: "Mwalimu, staringi hawezi kufa. Akikufa, muvi imeisha."

Tulichunguze jibu hilo. Kijana hakusema kwamba staringi ana nguvu, wala kwamba Mungu anampenda. Alisema kwamba uhai wa staringi ndio uhai wa hadithi. Hii ni hoja ya muundo. Mwanafunzi huyu, ambaye katika mtihani aliandika kwamba msuko ni "jinsi hadithi ilivyo", alikuwa ameeleza uhusiano wa mhusika na msuko katika maneno sita.

Utauliza: ikiwa shabiki anajua kwamba staringi hafi, anatazama nini? Anatazama namna. Hadhira ya ngano pia inajua kwamba sungura atamshinda fisi, na bado inaketi kusikiliza. Taharuki katika fantasia haitokani na iwapo, bali na vipi. Ndiyo maana mashabiki hao hao huwa wakali sana staringi anapookolewa kwa bahati isiyo na msingi. Husema kwamba "analindwa", nao hulitamka neno hilo kwa dharau. Mhakiki wa chuo kikuu angeandika kwamba sadfa imetumiwa kupita kiasi. Tofauti ya hukumu hizo mbili ni ya msamiati tu.

MAJAGINA WETU WANAKUFA

Sasa tulete kanuni hiyo darasani na kuipima kwa mighani. Jamii nyingi zinakutana Kibera na Kawangware: Wanubi, ambao waliishi Kibera tangu ilipokuwa msitu waliopewa askari wa zamani wa jeshi la mkoloni, Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba na wengineo. Kila moja ilikuja na majagina wake. Wengi wa majagina hao wanaivunja kanuni ya banda la video.

Lwanda Magere wa Wajaluo alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ilimgonga ikadunda. Adui zake, Walang'o, waliposhindwa vitani walimwoza binti yao. Mke huyo akaigundua siri: uhai wa Magere ulikuwa katika kivuli chake. Akatoroka na kuwapelekea habari ndugu zake, mkuki ukalengwa kivulini, na jagina akaanguka. Fumo Liyongo wa pwani naye hakuweza kuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni. Aliyeidunga ni mwanawe mwenyewe, baada ya kushawishiwa na adui wa babake.

Kanuni ya mighani basi ni kinyume cha kanuni ya video. Hapa staringi lazima afe, tena auawe kupitia mtu anayekula naye sahani moja. Kwa nini? Kwa sababu migani haisimuliwi ili kumsifu mtu mmoja tu, bali kuieleza jamii jinsi inavyopoteza kilicho bora. Nguvu za Magere na Liyongo hazikuhitaji jeshi kuzishinda. Zilihitaji siri itoke nyumbani.

Nilipofundisha hivi, msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, kwa nini mke ndiye anayeuza siri?" Nilimkumbusha kwamba kwa Liyongo alikuwa mwana. Akasema: "Mwana alidanganywa. Mke wa Magere alitumwa. Kwani yeye aliulizwa kama anataka kuolewa?"

Sikuwa na jibu katika mwongozo wangu. Lakini swali lake lilikuwa la uhakiki halisi, na lilinionyesha kile kinachopungua katika kanuni ya staringi. Kanuni hiyo inatufundisha kumtazama anayebaki hai. Haituelekezi kumtazama anayelipa. Binti wa Walang'o alitolewa kama silaha. Hadithi ikamtumia, kisha ikamsahau.

NANI ANALIPA?

Kwa hiyo napendekeza, mwalimu mwenzangu, tuiache kanuni ya mashabiki kama ilivyo, ila tuiongezee swali moja. Staringi hafi: sawa. Je, nani anakufa, au anaumia, ili yeye asife? Tulitumie swali hili kupitia kazi chache.

Mwaka wa 1929 Frederick Johnson alitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Mwingereza H. Rider Haggard ya mwaka wa 1885. Hii ni mojawapo ya riwaya za safari na maajabu zilizowafikia wasomaji wa Kiswahili mapema kabisa, na inayo kila kitu ambacho banda la video lingetaka: ramani ya siri, jangwa, mchawi wa kike mwenye umri usiohesabika, pango la almasi. Wazungu watatu wanaingia na wote watatu wanatoka hai. Anayekufa pangoni ni Foulata, msichana Mwafrika anayempenda mmoja wao. Anakufa akijaribu kuwaokoa, na kifo chake kinaifaa hadithi sana, kwa kuwa kinamwondolea mwandishi wa zama za ukoloni tatizo la ndoa ya Mzungu na Mwafrika. Mwanafunzi anayeuliza "nani analipa?" ataiona siasa ya riwaya hiyo haraka kuliko yule aliyeambiwa tu kwamba maudhui yake ni ukoloni.

Mnamo 1952 Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze, kazi iliyojengwa juu ya hekaya ya Alfu Lela Ulela. Humo mna majini, mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na mna ndugu wawili wenye wivu, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani kwa sababu ya kumtosa ndugu yao baharini. Kwa sheria ya video hapo ndipo filamu ingeisha: staringi yu hai, maadui wamekomeshwa. Shaaban Robert hakuishia hapo. Adili ameamriwa awapige manyani hao kila usiku, naye anawapiga huku akilia, kisha anawahudumia kwa huruma. Adhabu imemwangukia pia asiye na hatia. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba kitabu hiki ni cha maadili, na wao wakisikia neno maadili wanalala. Tuwaambie badala yake kwamba kuna mtu analazimishwa na jini kumpiga ndugu yake kila usiku, na hana ruhusa ya kuacha. Watafungua kitabu.

Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka wa 1995. Dzombo, mhusika mkuu, anahukumiwa kifo na kuingizwa katika chombo cha kurushwa angani ili akafie huko. Anaponea kwa kutumia akili yake kukielewa chombo kile, na kutua katika nchi ambayo jina lake, ukilitenganisha, linasema kwamba wale ni sisi. Hapa staringi hafi kweli, na mashabiki wa banda la video wataridhika: hakulindwa, alifikiri. Lakini uliza swali letu. Wale waliohukumiwa kabla yake walikwenda wapi? Kila aliyeingizwa katika chombo kile bila kurudi ni kivuli nyuma ya Dzombo. Tukumbuke pia kwamba Mkangi, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini mwaka wa 1986 wakati wa msako wa Mwakenya. Mtu aliyefungiwa bila kesi anapoandika juu ya mtu anayepakiwa katika chombo cha kifo na kukigeuza kuwa chombo cha uhuru, fantasia si njia ya kuukimbia ukweli. Ni njia ya kuufikia ule ambao ukisemwa wazi unakatiwa ulimi.

Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka ya mwaka wa 2001, aliipindua kanuni kabisa. Staringi wa kweli amekwisha kufa. Babu anatoka kaburini na kumtembeza mjukuu wake, K, mtu mkubwa serikalini aliyeshiba, ili ajionee nchi ilivyotafunwa. Swali la nani analipa ndilo riwaya yenyewe: waliolipa ni wote ambao K hakutaka kuwaona kupitia dirisha la gari lake.

Sisemi kwamba kila kisa chenye mzimu ni fantasia. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka wa 1960, inaahidi mzimu katika jina lake, lakini Bwana Msa anapokaa na kuvuta kiko chake, maajabu yanageuka kuwa hila za binadamu. Hiyo ni riwaya ya upelelezi, na furaha yake ni ya kufumbua. Mtahiniwa asizichanganye tanzu hizi mbili: katika upelelezi ajabu inafumbuliwa, katika fantasia ajabu inabaki, na inadai.

MUMIANI ALIYEGEUKA MCHUMBA

Turudi sasa kwa yule msichana na kitabu chake. Wengi wetu tunapoona riwaya za mapenzi ya wanyonya damu tunadhani ni ugonjwa ulioletwa na sinema. Tunasahau kwamba mnyonya damu ni mkazi wa zamani wa Nairobi. Katika kitabu alichochapisha mwaka wa 2000, mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya enzi ya ukoloni kuhusu mumiani na wazimamoto. Katika mitaa ya Waafrika jijini Nairobi, Pumwani ukiwamo, ilisimuliwa kwamba wazimamoto wa mkoloni waliwakamata watu usiku na kuwatoa damu. White hakujishughulisha kuthibitisha kwamba damu ilitolewa. Aliuliza masimulizi hayo yalikuwa yakisema nini juu ya mamlaka, kazi na mwili wa mtu maskini.

Mumiani wa bibi zetu, basi, alikuwa na sare, gari na mshahara. Alikuwa na nguvu juu yako na hakukutaka wewe, ila damu yako. Mlinganishe na Edward wa Twilight. Yeye pia ni tajiri, ana gari zuri, na mwili wake haudhuriki kama wetu. Anaitamani damu ya Bella kuliko kitu chochote duniani. Tofauti ni moja: anajizuia. Jamaa yake wanakula wanyama wa msituni badala ya binadamu.

Ukimweleza msichana wa Kawangware kisa hiki kwa lugha hiyo, utaelewa kwa nini majina yalikuwa 14. Anatembea kila jioni katika njia ambayo wenye nguvu kumliko wanamtazama, na si wote wanaojizuia. Riwaya inamletea mwenye nguvu asiyeweza kushindwa ambaye ameamua, kwa ajili yake, kutomdhuru. Hii ndiyo ajabu yenyewe. Meno na kutozeeka ni mapambo tu. Kuna jambo jingine pia. Bella anaigundua siri ya Edward kama binti wa Walang'o alivyoigundua siri ya Magere. Lakini Bella haiuzi. Msichana aliyeniuliza kwa nini ni mke tu anayeuza siri alikuwa ametafuta jibu mahali pengine, na amelipata.

Sasa tuulize swali letu: nani analipa? Mfululizo unapofikia kitabu cha nne, cha mwaka wa 2008, Bella anakaribia kufa akijifungua, naye anageuzwa mnyonya damu. Amepata mapenzi ya milele; ameuacha ubinadamu. Mtindo huu haukuishia kwake. Katika riwaya ya Sarah J. Maas ya mwaka wa 2015, A Court of Thorns and Roses, ambayo vijana hutumiana kwenye simu, msichana Feyre anauawa na kufufuliwa, na anapofufuka si binadamu tena. Katika filamu za mabandani staringi hafi. Katika riwaya hizi mpya za mapenzi staringi ni msichana, naye anakufa kidogo ili astahili kupendwa na asiyekufa.

Niliuweka uchunguzi huu mbele ya wasomaji wangu, nikitarajia kwamba watakivunjia kitabu heshima. Hawakufanya hivyo. Mmoja alisema kwamba Bella angebaki alivyo, angezeeka Edward akimtazama, na kwamba kuzeeka mbele ya mtu asiyezeeka pia ni kulipa. Mwingine akasema kwamba Edward ndiye angeomba awe binadamu, ikiwa kweli anapenda. Walijadiliana hadi kengele ikalia, na hakuna aliyetaja mwongozo.

KASORO ZA MASHABIKI

Si haki kuwasifu mashabiki bila kuwasahihisha. Kasoro ya kwanza ni kunakili. Kila msahihishaji amekutana na insha ambayo mtahiniwa, akiwa amepewa methali, anaanza na helikopta na kumaliza na bastola. Kisa amekitoa bandani akiwa na staringi tu. Sababu na bei ya matendo ameziacha huko. Mwambie aieleze bei, na nusu ya helikopta zitatoweka.

Kasoro ya pili ni kuamini kwamba ushabiki ni hukumu. Kusema "kitabu hiki ni kitamu" ni mwanzo wa uhakiki, si mwisho wake. Shabiki anaweza kupenda kazi na bado akaiona dosari yake. Kwa kweli anayependa sana ndiye anayeona upesi.

Kasoro ya tatu ni yetu sisi walimu. Tumezoea kuiita fasihi pendwa takataka, kisha tunashangaa wanafunzi wanapodhani kwamba fasihi teule ni dawa chungu. Tumewafundisha wenyewe kwamba kilicho kitamu hakina maana, na wao wamekamilisha hoja: chenye maana hakiwezi kuwa kitamu. Yule msichana alikificha kitabu ndani ya kitabu kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kwamba vitabu hivyo viwili haviwezi kukaa juu ya meza moja.

DARASANI

Napendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji fedha wala ruhusa ya mtu.

Kwanza, anza kipindi cha wahusika kwa kuuliza: staringi wa kitabu hiki ni nani, na ungejuaje? Katika riwaya ya kihalisia pia swali hili linafanya kazi. Kongowea Mswahili wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka wa 1996, hapigani na joka lolote, lakini msomaji anamfuata kutoka Tanga hadi Kitale kwa imani ile ile kwamba hatafia njiani. Uliza basi ni nani waliolipa ili afike.

Pili, fundisha mighani na filamu pamoja. Mwache mwanafunzi amsimulie Lwanda Magere kwa mtindo wa msimulizi wa video, kisha darasa lieleze kilichobadilika na kilichobaki. Utakuwa umefundisha fanani, hadhira na utendaji katika dakika 40.

Tatu, usikitwae kitabu kabla ya kuuliza kinahusu nini. Dakika mbili za kusikiliza zitakuonyesha kama mwanafunzi anasoma, au anapitisha tu muda. Wachuuzi wanaotandika vitabu vyao juu ya magunia kando ya njia, wale ambao Nairobi tunaita maduka yao inama, wanajua jambo hili kuliko sisi. Kabla ya kukuuzia wanakuuliza: umesoma nini mwisho, na kilikuishia vipi?

HITIMISHO

Tumeona kwamba mashabiki wa fantasia hawakosi fikra. Wana kanuni, wana msamiati, na wana hasira ya haki wanapodanganywa na msuko dhaifu. Wanachohitaji kutoka kwetu ni swali la ziada, litakalowatoa kwa anayebaki hai na kuwapeleka kwa anayelipa. Swali hilo linawavusha kutoka benchi la video hadi kwa Shaaban Robert bila kuwaambia waliache benchi.

Baada ya kisa nilichoanza nacho, niligundisha karatasi tupu mwishoni mwa nakala moja ya shule ya Adili na Nduguze, nikamwomba yule msichana aandike jina lake la kwanza kama akimaliza. Aliandika. Muhula ulipofungwa palikuwa na majina tisa. Si 14. Lakini ukurasa wa 40 ulikuwa mchafu, na wa mwisho pia.

MASWALI YA MJADALA

1. "Staringi hafi." Jadili ukweli wa kauli hii ukirejelea mighani miwili na riwaya moja ya Kiswahili.

2. Fafanua tofauti kati ya ajabu inayofumbuliwa na ajabu inayobaki. Toa mfano mmoja wa kila aina.

3. Linganisha nafasi ya mwanamke katika kisa cha Lwanda Magere na katika hadithi yoyote ya mapenzi ya kifantasia uliyoisoma au kuitazama.

4. Adili anawapiga nduguze kwa amri ya jini. Je, nani anaadhibiwa? Tetea jibu lako.